Mtulizi Usio na Ua

Ajuaye mti kwa ua, kiangazi humpoteza. Hayo ndiyo maneno mliyoyasikia jana arusini, shangazi wa bwana arusi alipoyatamka kwa sauti ya chini, nanyi mkarudi nyumbani mkiuliza yalitoka wapi, na kwa nini mwanamke mzima azungumze habari za miti mbele ya sinia la pilau. Mmefanya vyema kuuliza. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, na methali ya kuazima ni vivyo hivyo: mtu huivaa bila kujua ilishonwa kwa kipimo cha nani. Hii ilishonwa kwa kipimo cha mwanamke mmoja aliyeitwa Mwavita, naye hakuipenda hata siku moja. Chanzo chake ni hiki.

Katika nchi ya Uzigua, penye vilima vya miti inayopukutisha majani, palikuwa na kijiji kilichoitwa Kwedikole. Hapo aliishi Bibi Risiki, mganga wa mitishamba, aliyeirithi kazi hiyo kwa mama yake. Hakuwa mpiga ramli. Alijua majani, magome na mizizi, wala hakudai kujua lolote zaidi ya hayo.

Bibi Risiki aliwafundisha wanawake waliotaka kujifunza, lakini hakuwafundisha wakiwa wamekaa. Kila Alhamisi, umande ulipokauka, aliwaongoza katika njia moja tu. Njia hiyo ilianzia nyuma ya ghala lake la mahindi, ikapanda kilima, ikazunguka kichuguu kikubwa chekundu, kisha ikateremka hadi kijitoni. Njia haikubadilika, kilichobadilika ni msimu. Mwanafunzi alitakiwa kuipita masika, kipupwe, vuli na kiangazi, mikono mitupu, bila panga wala jembe. Hakuruhusiwa kung'oa hata unyasi. Alipoikamilisha misimu minne ndipo alipokabidhiwa kijembe kifupi, kilichofuliwa na mhunzi wa kijiji, na tangu siku hiyo aliweza kuchimba dawa na kumpa mgonjwa.

Mwaka ule Mwavita alianza masomo yake masika, pamoja na jirani yake aliyeitwa Semeni. Wawili hao hawakufanana. Mwavita alikuwa na akili inayoshika kama ulimbo. Alionyeshwa mmea mara moja, akataja jina lake, kazi yake na kipimo chake, na wiki iliyofuata aliyakariri yote kabla ya kuulizwa. Semeni alikuwa mzito. Kila jambo aliliuliza mara mbili, na kila mti aliushika kwa viganja vyote viwili, akaunusa, akaegemeza shavu lake kwenye gome kana kwamba anasikiliza. Mwavita alizoea kumtania. Alimwambia kwamba mti si mkwe, hauhitaji kuamkiwa mara mbili.

“Mimi nikiuamkia mara moja hausikii,” Semeni alijibu, naye akacheka pamoja na wenzake.

Hakuna aliyeona ubaya katika utani huo. Bibi Risiki mwenyewe alitabasamu.

Ilipofika vuli, kilima kilichanua. Hapo Mwavita alifurahi kuliko wakati mwingine wowote, kwa kuwa kila mti ulivaa rangi yake na hapakuwa na kukisia. Karibu na kile kichuguu chekundu ulisimama mti uitwao mtulizi. Ulikuwa mdogo, wa kimo cha mtu na nusu, na maua yake ya zambarau yalining'inia mawili mawili kama vipuli. Mzizi wake ulipewa wajawazito ambao matumbo yao hubana kabla ya wakati. Hatua tano kutoka hapo ulisimama mti wa pili, wenye maua meupe madogo. Huo wa pili wazee hawakuupa jina la peke yake; waliuita nduguye mtulizi, na walikataza usichimbwe kwa ajili ya mwanamke yeyote mwenye mimba, kwa maana kazi yake ilikuwa kufungua kile ambacho mwenziwe hukifunga.

Bibi Risiki aliwasimamisha baina ya miti hiyo miwili, akawaambia waitazame vizuri. Mwavita aliitazama, akasema kwamba hata mtoto asingeikosea: huu zambarau, ule mweupe. Bibi Risiki hakumsifu wala hakumkemea. Alisema tu kwamba watarudi hapo kiangazi.

Lazima niwaeleze kwa nini mti huo ulikuwa na uzito katika moyo wa Mwavita. Alikuwa na mdogo wake wa tumbo moja, jina lake Tatu, aliyeolewa na Mhina, mkulima wa hapo hapo kijijini. Tatu alikuwa amepoteza mimba mbili. Mwaka ule alibeba ya tatu, na Bibi Risiki alimwangalia tangu mwezi wa kwanza. Mara mbili alimchimbia mzizi wa mtulizi akampa kwa kipimo kidogo, na mara mbili tumbo lilitulia. Mwavita ndiye aliyeshika kikombe mara zote mbili. Kwa kweli, aliingia katika masomo yale kwa ajili ya mdogo wake, ili siku moja aweze kumsaidia kwa mkono wake mwenyewe. Nia yake ilikuwa njema tangu mwanzo. Mlikumbuke hilo tutakapofika mbele.

Vuli ilikatika mapema, na kiangazi kikaingia kwa ukali. Maua yalianguka, majani yakafuata, kilima kikabaki kijivu. Alhamisi ya kwanza ya kiangazi Bibi Risiki aliwapeleka njiani kama kawaida, lakini mwendo ulikuwa wa kobe. Aliwasimamisha mbele ya shina lisilo na jani, akawaamuru wafumbe macho na kulipapasa, na asubuhi nzima ikaishia kwenye mashina manne. Jua liliwachoma utosini. Mwavita alipofika nyumbani alisema mbele ya wanawake waliokuwa wakitwanga kwamba bibi sasa amezeeka, anawapeleka kilimani kuzisalimia fito. Wanawake walicheka sana. Maneno hayo yalizunguka kijiji kizima, na yaelekea yalimfikia mwenyewe.

Alhamisi ya pili Mwavita alituma ujumbe kwamba visima vimekauka na maji yako mbali. Ya tatu alikuwa na mahindi ya kupukuchua. Ya nne hakutuma ujumbe wowote. Moyoni mwake alijiambia kwamba misimu mitatu ilitosha kwa mtu mwenye kumbukumbu, na kwamba msimu wa nne uliwekwa kwa ajili ya watu kama Semeni. Semeni hakukosa hata mara moja. Alhamisi ile ya nne walifika kwenye kichuguu, na Mwavita hakuwepo.

Juma lililofuata, Bibi Risiki alipata habari ya msiba. Kaka yake alifariki katika kijiji cha mbali, mwendo wa siku nzima. Kabla ya kuondoka alipita kwa Tatu, akamwambia kwamba atarejea siku ya nne. Tumbo likibana, alale, miguu iinuliwe, anywe uji mwepesi, asubiri. Asinywe dawa yoyote mpaka yeye arudi. Tatu aliitikia.

Siku ya tatu asubuhi tumbo lilibana.

Mhina alikuja mbio kwa shemeji yake. Mwavita alimkuta mdogo wake amelala ubavu, anang'ata pindo la kanga, jasho limemtoka hata kwenye kope. Mhina alikumbusha agizo la bibi. Mwavita alimjibu kwamba bibi hakujua maumivu yatakuwa makali namna hii, na kwamba mzizi uliomtuliza mara mbili uko kilimani, si mbali, na yeye anaujua kama anavyoijua njia ya kisimani. Akachukua jembe lake la shambani na kapu, akatoka.

Nyuma ya ghala la Bibi Risiki alikutana na Semeni, ametoka kuokota kuni. Semeni aliliona jembe, akautua mzigo wake.

“Unakwenda wapi na jembe kwenye njia ya bibi?”

“Tatu anaumwa. Nakwenda kuchimba mtulizi.”

“Bibi anarudi kesho, Mwavita. Alisema tusubiri.”

“Wewe subiri. Aliyelala pale si mdogo wako.”

Semeni aliusukuma mzigo kando kwa mguu. Kisha alisema taratibu, kama mtu anayehesabu hatua, kwamba ikiwa ni lazima, basi waende wote wawili, kwa kuwa yeye aliushika mti ule Alhamisi iliyopita, nao kiangazi una namna yake.

Sikilizeni vizuri hapa, kwa maana hadithi yote iko katika mahali hapa padogo. Mwavita angeweza kusema, “Haya, twende.” Ni maneno mawili. Lakini alimtazama yule mwanamke mzito aliyeuliza kila jambo mara mbili, aliyekuwa akitaniwa naye tangu masika, na akaona aibu kuongozwa naye.

“Semeni, mti niliufahamu kabla wewe hujajua jina lake,” alisema. “Chukua kuni zako.”

Akapanda kilima peke yake.

Alipofika kwenye kichuguu alisimama. Hapakuwa na zambarau wala nyeupe. Palikuwa na miti miwili ya kimo kimoja, ya gome moja la kijivu, yenye matawi makavu yaliyopinda kwa namna moja. Mwavita alijaribu kukumbuka ni upi uliokuwa kulia. Alikumbuka rangi waziwazi, akakumbuka hata nyuki juu ya maua. Mahali pa mti hakupakumbuka, kwa sababu siku ile ya vuli hakuwa na haja ya kupatazama. Chini ya mti mmoja aliona ua moja lililokauka, lenye rangi iliyofifia kuelekea zambarau. Alilishika kama ushahidi. Hakufikiri kwamba hatua tano ni umbali mdogo kwa upepo wa kiangazi. Alichimba hapo.

Tatu alipoletewa kikombe, alikishika kwa mikono miwili, akamtazama dada yake juu ya mvuke.

“Dada, una hakika ndio wenyewe?”

“Ningekupa nisichokijua?”

Tatu akanywa yote.

Adhuhuri maumivu yalizidi badala ya kupungua. Alasiri wanawake wa jirani waliitwa, na Semeni alikuwa miongoni mwao. Hakusema neno lolote juu ya asubuhi, alichota maji tu na kufua. Kabla ya jua kutua mtoto alitoka, wa kiume, wa miezi mitano, naye hakulia. Tatu aliponea chupuchupu. Mhina alikwenda nyuma ya nyumba, akachimba kaburi dogo kwa jembe lile lile alilolikuta limeegemezwa ukutani, kwa kuwa hakujua lilikuwa limetoka kuchimba nini.

Siku ya nne Bibi Risiki alirudi, miguu imejaa vumbi. Aliingia kwa Tatu kwanza, akakaa naye muda mrefu. Alipotoka alikwenda jikoni, akafunua chungu, akatoa kipande cha mzizi kilichobaki. Hakukinusa. Alikwangua ganda lake kwa ukucha wa kidole gumba, akatazama. Kisha akamwita Mwavita, akamshika mkono kama anavyoshikwa mtoto anayevuka mto, akampeleka kilimani.

Kwenye kichuguu, karibu na shimo lililokuwa bado bichi, alimwambia akwangue gome la mti aliouchimba. Mwavita alikwangua. Chini ya kijivu palikuwa pa manjano. Alimwambia akwangue ule wa pili. Chini ya kijivu palikuwa pekundu, wekundu wa udongo wa mfinyanzi. Kisha alimwonyesha wadudu chungu waliokuwa wakipanda na kushuka katika shina lile jekundu, ilhali katika lile la manjano hapakuwa na hata mmoja. Yote hayo yalichukua muda mfupi kuliko kutwanga kinu kimoja cha mahindi.

“Hilo ndilo somo la kiangazi,” alisema Bibi Risiki. “Hakuna jingine.”

Mwavita alipiga magoti pale pale. Alikuwa na swali moja. Aliuliza kama mtoto angepona iwapo angeuleta mti uliokuwa sahihi.

“Sijui.”

“Bibi, niambie ukweli.”

“Ukweli ndio huo, mwanangu. Mimba mbili zilitangulia. Dawa haiamrishi, huomba tu. Pengine angekaa, pengine asingekaa. Ulimwondolea Tatu jambo moja: angeweza kulia akijua kwamba tulifanya yote yaliyopasa. Hilo hatalipata tena, wala wewe.”

Hakumtukana, hakumfukuza. Mwavita alisema baadaye kwamba kama angechapwa fimbo mbele ya kijiji kizima, angeshukuru.

Mwisho wa kiangazi kile Semeni alikabidhiwa kijembe chake. Alikipokea kwa mikono miwili, akauliza mara mbili namna ya kukitunza, na safari hii hakuna aliyecheka. Mwavita alianza upya masika yaliyofuata. Alipita njia ile misimu yote minne, nyuma ya wote, bila kukosa Alhamisi hata moja. Misimu ilipotimia Bibi Risiki alimtolea kijembe cha pili. Mwavita alikitazama, akashukuru, akakataa kukishika. Kikatundikwa ukutani mwa bibi, na kutu ikakipata hapo hapo.

Lakini nimeruka jambo moja, nalo ndilo mlilouliza.

Katika vuli ya mwaka ule aliokuwa akijifunza upya, Mwavita na Tatu walipita karibu na kichuguu wakitoka shambani, kila mmoja na tita lake la kuni kichwani. Mtulizi ulikuwa umechanua. Mwavita aliinamisha macho, akaharakisha hatua. Tatu alisimama. Tangu siku ile hakuwa amemlaumu dada yake kwa neno moja. Alimpokea nyumbani, akala naye, akamsuka nywele. Sasa aliunyosha mkono, akachuma ua moja la zambarau, akaligeuza geuza.

“Hili ndilo ulilolijua?” aliuliza.

“Ndilo.”

“Ni zuri.” Akalinusa. Kisha akasema, bila hasira, kama mtu aliyetafuta kitu muda mrefu akakiona kiko wapi: “Uliujua mti kwa ua, dada. Kiangazi kikakupoteza.”

Aliliweka ua chini ya shina, kwa uangalifu, akalisawazisha tita lake, wakaendelea na safari. Hakulirudia jambo hilo tena mpaka alipokufa, akiwa mzee, pasipo kuzaa.

Bibi Risiki alipofariki, Semeni ndiye aliyechimba dawa kwa ajili ya kijiji, na Mwavita ndiye aliyewaongoza wanafunzi njiani. Waligawana kazi hivyo bila kuzungumza. Mwavita alisamehe kukosa masika, akasamehe kukosa kipupwe. Vuli hakuwahi kuongoza mwenyewe. Maua yalipofunguka alimwomba Semeni amshikie nafasi, na yeye alizunguka kwa njia ya bondeni, ambayo ni ndefu mara mbili. Lakini kiangazi hakumwachia mtu yeyote. Aliyekosa Alhamisi moja ya kiangazi alifuatwa nyumbani kwake, akaulizwa mbele ya watu wake kama ana mdogo wake.

Aliwasimamisha baina ya mashina mawili ya kijivu, akawaacha wakisie. Walikisia kwa furaha, kila mmoja na hakika yake, huyu akitaja kulia, yule kushoto. Yeye aliwangoja wanyamaze. Kisha alikwangua magome mawili kwa ukucha, akawatolea maneno ya mdogo wake, lakini mahali pa “uliujua, dada” akaweka “ajuaye”, ili kila asikiaye aweze kujiweka mwenyewe. Wanafunzi wale waliyapeleka vijiji vingine, na huko watu waliyatumia kwa wachumba, kwa marafiki, kwa mafundi, kwa kila kinachojulikana katika siku zake za kupendeza tu. Wengi walisahau kwamba mti ulikuwa mti kweli, na kwamba pana kaburi dogo nyuma ya nyumba ya Mhina.

Sasa mnajua kwa nini shangazi yule hakuyasema maneno yale kwa kelele, ingawa ngoma zilikuwa zikilia na bwana arusi akiyasifu macho ya mkewe na mwendo wake. Hakuwa akimwapiza bwana arusi. Alikuwa akimwombea apate muda wa kukwangua gome kabla hajahitaji mzizi.

Ajuaye mti kwa ua, kiangazi humpoteza.